Koti la Mvua la King'ora

Jumatatu, 10 Machi

Sista wa zahanati ametuambia tuandike kila siku, hata mstari mmoja, ili mambo ya watu yasitulalie kifuani. Mimi ni kinyozi. Mambo ya watu nimekuwa nikiyafagia jioni pamoja na nywele zao na sijawahi kulemewa. Lakini naandika, asije akaniita mkaidi. Kwa umri angeweza kuwa binti yangu, kwa ukali angeweza kuwa mama mkwe.

Mafunzo yalikuwa Jumamosi, pale zahanati. Waliitwa watu ambao, kwa maneno ya Sista, wengine huwafungulia mioyo bila kujua: walimu, wauza dawa, madereva wa gari la wagonjwa, mama mwenye baa, wasusi na mimi. Somo lilikuwa namna ya kumtambua mtu anayefikiria kujiua, na nini cha kufanya kabla hajafika huko. Kila kazi ina kijitabu chake. Cha wauza dawa ni cha bluu, cha madereva cheupe, cha vinyozi na wasusi cha njano. Mimi nimerudi nyumbani na chekundu, cha walimu. Aliyekuwa akigawa ni shemeji yangu King'ora, na alikuwa anagawa huku anavunja watu mbavu. Nilipolalamika akatangaza ukumbi mzima kwamba nikisoma kwa bidii huenda mwaka huu nikapanda darasa.

King'ora ni mdogo wake mke wangu. Anaendesha gari la wagonjwa, na jina alilipata kwa kicheko chake, si kwa gari. Tangu nimuoe dada yake hatujawahi kuambiana neno la maana, ni vijembe mwanzo mwisho. Kuna wateja huja kunyoa siku ambayo wanajua atakuwepo.

Mvua imeanza leo.

Jumatano, 12 Machi

Nimekisoma kijitabu. "Mwangalie mwanafunzi aliyezoea kumaliza kazi zake, ghafla akaacha." Wateja wangu hawana kazi ya kumaliza zaidi ya kuleta vichwa. "Zungumza naye wenzake wakishatoka. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo." Haya. "Usimwache peke yake. Usiahidi kutunza siri." Hapo nikakifunga.

Kinyozi asiyetunza siri atamnyoa nani? Kila anayekaa kwenye kiti changu, nikishamfunga kitambaa shingoni, namwambia, "Haitoki hapa." Nalisema kama wengine wanavyosema karibu. Nimejenga duka kwa neno hilo.

Jioni mke wangu ameuliza kama mdogo wake amepita dukani. Nimesema hajapita.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejaribu. Karani mmoja alikaa, akavuta pumzi ndefu, akasema mvua hizi zimemchosha. Nikamuuliza papo hapo, mashine ikinguruma sikioni kwake, kama anafikiria kujiua. Alishtuka hadi mstari wa paji la uso ukaenda kombo. Akasema anafikiria kuanua nguo.

Mama Dawa, mwenye duka la dawa tunalopakana ukuta, alisikia kila kitu na alicheka mpaka akaja kuomba maji ya kunywa. Alisema nimeanzia mwisho. Niulize kwanza kama mtu analala, kama anakula, anaamkaje. Kitabu chake cha bluu kinasema hivyo. Kwa nini hakisemi hivyo changu?

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Wateja wachache. Mke wangu ameuliza kama mdogo wake amepita. Amepita, akala vijembe vyake akaondoka.

Jumanne, 18 Machi

Nimegundua jambo na limenikosesha utulivu mchana kutwa. Sista alisema tumtazame mtu machoni. Mimi simtazami mtu machoni, nasimama nyuma yake. Tunazungumza kwenye kioo, mimi na yeye wote tukiangalia mbele. Na wanaume huzungumza hivyo kwa urahisi zaidi. Leo mzee mmoja fundi saa amekiambia kioo kwamba tangu mkewe afe hajui aamke kwa ajili gani. Nikamuuliza taratibu, kwa mpangilio wa Mama Dawa, mpaka nikafika kwenye swali lenyewe. Akasema hapana, hajafika huko, ila ni vizuri kuulizwa. Nimempa namba ya Sista.

Nimetamba nyumbani kama jogoo. Mke wangu hakucheka. Aliuliza kama mdogo wake amepita.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya juzi ilifunika daraja la chini. King'ora alikuwa na mgonjwa nyuma, mzee, pumzi zimembana. Maji yalikuwa yamefika kwenye milango, gari likashindwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mzee alifia pale.

Ameyasimulia leo dukani. Aliigiza alivyopiga king'ora kuyaambia maji yapishe. Aliigiza honi, wipa, na nesi akimwambia afanye kitu naye anamwambia nesi ashuke asukume. Benchi zima lilishika matumbo. Nami nilicheka. Nilimwambia angechukua kasia badala ya usukani, akasema makasia yote nimeyamaliza mimi kwa kulia ugali wa dada yake bila kushiba.

Sasa naandika na sioni kilichochekesha.

Alhamisi, 27 Machi

Mke wangu: amepita? Mimi: kwani mimi nimeajiriwa kumchunga? Cherehani yake imelia mpaka chakula cha jioni.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwambia Sista kijitabu changu si changu. Akasema vya njano vimekwisha, nitumie hicho hicho, binadamu ni yule yule. Nilimwona ana dharau. Halafu akaniuliza nalalaje, nikamwambia hayo amuulize fundi saa. Akaandika kitu kwenye simu yake na kuniambia atanipigia kila Ijumaa. Sikuomba kupigiwa.

Jumatano, 2 Aprili

King'ora amekuja na koti lake la mvua, lile zito la kazini lenye mistari inayong'aa, akalitundika kwenye msumari wangu. Nje kulikuwa kunanyesha hasa.

"Chukua, shemeji," akasema. "Mvua zijazo mimi sitakuwepo."

"Basi usisahau kuniachia na viatu," nikasema.

Benchi likaangua kicheko. Yeye pia alicheka, akakimbilia kwenye gari akiwa amejifunika kichwa kwa kile kijitabu cheupe cha madereva. Nimelijaribu koti. Linanibana mabegani.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Sista amepiga. Nikamwambia mambo shwari. Nimefagia duka mara kadhaa leo na halikuwa chafu.

Jumapili, 6 Aprili

Mke wangu ameliona koti, akashika mkono wa koti kama mtu anayeshika mkono wa mtu. Akauliza limefikaje hapa. Nikamsimulia, pamoja na jibu langu la viatu, maana lilikuwa zuri. Akaenda uani na simu, na kunanyesha.

Ana nini huyu mwanamke siku hizi? Namwona kama mtu anayeniwekea kisasi.

Jumanne, 8 Aprili

Amepita? Hajapita.

Jumatano, 9 Aprili

Amepita? Hajapita. Na mimi pia leo nimekuwa nikiangalia mlango.

Alhamisi, 10 Aprili

Niandike kwa utaratibu, kama nitaweza.

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa na wateja walikuwa wawili. Nilikuwa nimemaliza wa mwisho alipoingia King'ora na mfuko wa plastiki, akauweka kwenye benchi. Ndani mlikuwa na mabuti yake ya kazi. Yalikuwa yameoshwa, yamepakwa rangi, yamefungwa kamba mpya.

"Ulisema nisisahau viatu," akasema.

Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, lilihusu suruali. Kisha nikaangalia miguu yake. Alikuwa amevaa ndara, katika mvua ile, na matope yamempanda hadi magotini. Nikamwambia akae nimtengeneze, akakaa. Nikamfunga kitambaa. Mteja niliyemmaliza alikuwa bado anajipendezesha kwenye kioo. Nikamsindikiza mpaka nje kwa mkono mgongoni, nikafunga mlango. Wenzake wakishatoka. Ndivyo kilivyosema kijitabu cha walimu. Nikazima mashine.

"Shemeji," nikasema kwenye kioo, "nakuuliza na sitaki mzaha. Unafikiria kujiua?"

Akacheka, kile kicheko chenyewe. "Nimekosa nini, mwalimu? Nipige magoti?"

Sikucheka. Sikumbuki siku nyingine niliyoshindwa kucheka na yeye akiwepo. Kicheko chake kiliendelea peke yake kidogo, kisha kikakatika.

"Nakuuliza tena," nikasema.

Alitazama mahali mikono yake ilipokuwa, chini ya kitambaa. "Ndiyo," akasema. "Kila siku. Nikizima gari tu, yanakuja."

Akanieleza, akikiangalia kioo. Usingizi umempotea tangu mkewe aondoke na mtoto mwaka jana. Kazini kila mgonjwa anayechelewa kumfikisha anahesabu ni kosa lake. Mzee wa darajani alimkuta ameshachoka zamani. Alisema kwangu ndipo mahali pekee anapoweza kucheka, na kwamba akitoka mlangoni kicheko kinabaki humu ndani. Nilisikiliza. Sikumwambia ana maisha mazuri, sikumwambia ajikaze, kwa kuwa Sista alitukataza.

Kisha akasema, "Dada asijue. Niahidi."

"Haitoki hapa," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Limetoka mdomoni mwangu miaka yote hiyo kwa watu wenye madeni na wenye michepuko, likatoka na kwake. Nikamnyoa. Nilimnyoa vizuri sana. Akasema mchana ana zamu, kesho atapita tuongee. Nami nikafungua mlango nikamwacha aende na ndara zake.

Akaingia fundi viatu, nikaanza kichwa chake upande wa kulia. Mkono ulifanya kazi wenyewe. Nilikuwa najiambia nimefanya vizuri, nimeuliza, ameniamini. Nikamwona kwenye kioo fundi viatu, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, ananiuliza mabuti haya mazuri kwenye benchi ni ya nani. Nikajua nimemwacha King'ora peke yake. Nilichomoa koti kwenye msumari, nikamwambia fundi anisamehe, nikatoka mbio. Nimeacha duka wazi na mtu kitini. Mama Dawa alinipigia kelele kuniuliza kuna nini, nikamwambia ampigie Sista, amwambie ni King'ora.

Nyumbani mke wangu alikuwa kwenye cherehani. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumwambia asianguke. Nimekuwa nikimhesabu mtu wa kulindwa. Nikamwambia vivyo hivyo, nikihema, maji yakinichuruzika sakafuni, kwamba mdogo wake anafikiria kujiua na amekiri kwa mdomo wake.

Akaondoa mguu kwenye pedali.

"Amekwambia lini?"

"Leo asubuhi."

"Mimi aliniambia siku mvua zilipoanza," akasema. "Akaniapisha wewe usijue. Alisema ukijua hutamtania tena."

Nilikaa juu ya vitambaa vya watu na koti lililolowa, na hakunikemea. Akasema amekuwa akimpigia kila asubuhi na kila mchana. Asipopokea, anasubiri nirudi. "Ulidhani nakuuliza kama amepita ili iweje? Ukisema amepita, nalala."

Sijawahi kukasirika hivyo, na sikujua nimkasirikie nani. Tumelala kitanda kimoja mvua zote hizi, kila mtu amegeukia ukuta wake, na mwenzangu alikuwa akimbeba mtu peke yake kwa sababu ya kiapo. Nami nilikuwa tayari kuanza kufanya vile vile. King'ora angetuweka hivyo, mimi upande huu na dada yake upande ule, mpaka siku ya msiba tukaulizane nani alijua.

Tukatoka. Sista akapiga tukiwa njiani, akasema tukimkuta tusimwache hata kidogo, yeye anakuja. Kule kazini ameshawaambia wasimpe gari leo.

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani na ndara zake, zamu yenyewe hakwenda. Mke wangu alikaa ubavuni pake akamshika mkono, mkono ule ule alioushika kwenye koti. Mimi nilibaki mlangoni nadondosha maji.

King'ora akanitazama toka juu hadi chini. "Linakubana," akasema.

"Ndiyo maana nimekuletea," nikasema. Nikalivua, nikalitundika kwenye msumari wake.

"Ulisema haitoki pale."

"Nilikosea kusema."

Akageuza uso ukutani. Sista alifika amelowa chepechepe, akavuta kigoda akakaa chini kuliko yeye, akaanza kumuuliza kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Kabla hatujaondoka tuliangalia chumba pamoja na kutoa kila kilichopaswa kutoka. Kutoka hapo ni zahanati, na kutoka zahanati ni kwetu, sebuleni, karibu na cherehani.

Ijumaa, 11 Aprili

Yupo. Amelala mpaka mchana. Sista alipopiga, safari hii nilimwambia ukweli kuhusu hali yangu pia.

Jumatatu, 14 Aprili

Daktari amemwona, ameanza dawa, na kila wiki atakaa na mshauri. Dawa anazitunza Mama Dawa, anampa za siku chache chache. Kijitabu cha bluu kinasema hivyo, na kumbe kina akili.

Anasema na dada yake. Mimi hanisemeshi. Nikiingia sebuleni anaangalia redio.

Ijumaa, 18 Aprili

Amenisemesha. Amesema nimemgeuza habari ya mtaa na kwamba mbwa anatunza siri kuliko mimi. Hakuwa anatania, naijua tofauti. Nimeumia. Nikamwambia anichukie akiwa amekaa hapo hapo, ana nafasi ya kutosha.

Jumatano, 23 Aprili

Fundi viatu amerudi. Siku ile alimalizia kichwa kwa Kipara, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hana unywele hata mmoja na anawafanyia wengine wivu. Hakuniuliza nilikimbilia wapi. Aliniuliza tu kama nilifika kwa wakati. Nikasema ndiyo.

Nikimfunga kitambaa, mdomo ulitaka kusema haitoki hapa. Nimesema, "Mengi hayatoki hapa. Likihusu uhai wako, litatoka." Akafikiri, akasema sawa, mradi lile la mke wa pili libaki.

Ijumaa, 9 Mei

Amehamia tena chumbani kwake. Kapewa kazi ya ofisini kwa sasa, kupokea simu za wanaoita gari. Mke wangu ana roho juu juu, nami vile vile, ila sasa tunakuwa nayo pamoja, na tunagawana simu. Za asubuhi ni zake, za mchana ni zangu. Zangu anapokea na kusema "nipo", kisha anakata.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwona ng'ambo ya barabara akitoka kwa Kipara. Amenihama. Mstari wa kisogo umepanda na kushuka, juu ya sikio la kushoto pana shimo. Nilisimama mlangoni na brashi mkononi nikifurahi kama mwendawazimu. Kichwa kibaya vile, lakini kilikuwa kinatembea.

Jumatano, 21 Mei

Nipo. Akakata.

Jumanne, 27 Mei

Nipo. Halafu akauliza kama bado nina yale mabuti. Nikasema yako chini ya benchi, hayanitoshi. Akakata.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imekuwa ya manyunyu tangu asubuhi, haijui inyeshe au iache. Benchi lilikuwa tupu. Akaingia amevaa koti, akalivua, akalitundika kwenye msumari wangu, nami nikalitazama koti mpaka akaniambia, "Nitaondoka nalo." Akakaa. Kipara alikuwa ameshamrudia mara ya pili na kuharibu hata palipokuwa pamepona.

"Rekebisha," akasema.

Nikamfunga kitambaa. Sikusema haitoki hapa. Nikamtazama kwenye kioo, nikamuuliza analalaje. Nikamuuliza na lile swali.

"Wiki hii hapana," akasema. "Wiki iliyopita wazo lilikuja, Jumapili. Nikampigia dada."

"Najua. Aliniambia."

"Nilijua atakwambia. Nyumba yenu haina siri hata ya chumvi."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa mke wangu, nyuma yake nasikia cherehani imesimama.

"Amepita?" akauliza.

"Yupo kitini," nikasema.

"Mwambie dada," King'ora akasema kwa sauti ili asikike, "mwalimu amenishika, bado sijapanda darasa."

Nikasikia mke wangu anacheka, kisha cherehani ikaanza tena. Nami nilicheka mpaka ikabidi niweke mashine chini nifute macho. Halafu nikaanza na upande wa kushoto, ulioharibika zaidi.